Mdhamini Wangu wa Ilemba

Mazwi, Sumbawanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima pamoja na Mama, na kwamba goti limeacha kukusumbua tangu mvua zilipopungua. Mimi sijambo, ingawa kwa baridi ya huku juu bado nalala na soksi.

Nimepata kazi, Baba. Shirika moja la afya limeniajiri kuwa mkalimani wa akina mama wafugaji wanaokuja kujifungua.

Nilipoandaa wasifu wangu nilisita. Ile miaka niliyosimama zahanati ya Ilemba nikigeuza maneno ya wauguzi kuwa Kisukuma, lugha niliyoiokota darasani kwa watoto wa wafugaji, haikunipatia hata nauli. Binamu Evaristi, ninayeishi kwake, alicheka akasema kwamba kama hiyo ni kazi, basi naye aandike kuwa ni meneja wa misiba, maana hakuna matanga ya ukoo ambako hakupasua kuni. Niliiandika hata hivyo, nikaeleza wazi kuwa nilijitolea bila malipo.

Kwenye usaili waliuliza nani athibitishe, kwa kuwa sikuwa na mkataba. Nilimtaja muuguzi Jenifer. Walisema muuguzi lazima amsifu aliyempunguzia kazi. Wao walimtaka mtu aliyehudumiwa. Nikatoa jina moja, wakampigia simu palepale, sote tukisikia.

Baba, jina hilo ni Bundala, yuleyule ambaye ng'ombe wake walimaliza mahindi yetu, na ambaye umemshtaki kwenye baraza la kata. Mkewe alipojifungua kwa shida, mimi ndiye niliyekaa kichwani pake tangu asubuhi nikimtafsiria, ila nyumbani sikusema. Bundala alipoulizwa kwenye simu kama ananifahamu, alijibu kuwa mimi ni binti wa mtu anayegombana naye, na kwamba siku ile sikumficha mkewe neno wala kumwongezea. Hapo waliacha kuuliza.

Sikuombi uondoe shauri. Mahindi yaliliwa, na mabua niliyaona. Lakini Bundala ameniomba nimkalimanie siku ya baraza, kwa sababu Kiswahili humwishia akikasirika, nami nimekubali. Nitaufikisha utetezi wake kama atakavyousema, na mashtaka yako kama utakavyoyasema. Ukiona vigumu kuketi mbele yangu siku hiyo, nijulishe mapema, atafute mwingine. Kwa hilo sitakulaumu.

Nisalimie Mama na dada Bertilla, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao,
Monika