Mama kwa Penseli ya Kijani

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini hamjambo na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima.

Bado naishi chumba kile nyuma ya jukwaa la uwanja, na bado nawafundisha wakimbiaji. Ukutani nimebandika karatasi ya mwaka mzima, nimeugawa kwa penseli za rangi: miezi ya kujenga pumzi, ya kukaza mwendo, ya mashindano, kisha mapumziko. Kila kipindi na kazi yake. Anayechanganya huvuna majeraha. Ungeiona ungesema nimeiba somo lako la historia, nikaondoa wafalme nikaweka miguu.

Sasa ni mapumziko na wakimbiaji wamekwenda kwao. Nimebaki na mkata nyasi, mtu wa maneno matatu kwa siku. Jana nilipika chakula cha watu wanne kwa mazoea, nikakila peke yangu hadi leo mchana. Upweke umenishika, dada, sikufichi.

Uliniandikia kwamba siku hizi unaihesabu familia yetu kwa enzi mbili, kabla ya mama kufariki na baada yake. Ukanikumbusha ulivyokuwa ukiwaambia wanafunzi wako kuwa mipaka ya enzi huchorwa na waliobaki. Maneno hayo ndiyo yaliyonichelewesha kujibu.

Uliponipigia simu kuwa mama ananiulizia, nilikwambia wakubwa wa klabu wamenikatalia ruhusa. Miaka miwili umewalaani watu wale kwa ajili yangu. Dada, hakuna aliyenikatalia. Sikuomba. Nilitazama karatasi, nikaona yamebaki majuma matatu ya mashindano, nikamwandika mama kwenye mapumziko kwa penseli ya kijani: kwenda kumwona mama. Alifariki juma la pili. Mkimbiaji wangu alishika nafasi ya tano.

Karatasi ile sijaibandua; hizi mpya nazibandika juu yake. Mpaka wako nauheshimu, ila wangu hauko siku aliyofariki. Uko asubuhi ile uliyopiga simu, nami nimeshika penseli.

Ukiona bado nafaa kupokelewa, niandikie nije. Tarehe panga wewe.

Wasalimie wote, na ukienda kaburini umfagilie mama kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba