Mwanga wa Ng'ambo ya Bonde

Songambele,
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Seif wangu, mume wangu (kila nikiandika "mume" natabasamu peke yangu kama chizi!),

Pokea salamu tele kutoka chumbani kwetu. Hali yako? Unakula? Unajifunika vizuri na baridi ya huko? Mimi mzima, ila ndizi zangu za kupika, ebitoke, zinabaki sahanini mpaka mama yako ananitania: "Mwali, ukikonda mwanangu atasema nimekunyima!" Anakusalimu sana.

Mpenzi, naogopa. Fungate yetu haikuisha wakakuita kazini mlimani, na simu huko haishiki. Dukani kwetu watu wanasema hilo sanduku lenu la mtandao mlilofunga hapa linatupa mwanga usioonekana, unaangusha maua ya kahawa na kuharibu mimba za ng'ombe. Nikamwambia bibi mmoja, "Mume wangu ni fundi, angejua." Akaniuliza, "Na yeye nani atamwambia?" Tangu hapo silali vizuri.

Nakuomba kitu kimoja. Ulisema unayo darubini ya kutafutia sanduku la huku kwetu. Nikienda kusimama pale kwa mlinzi wake, Methodius, si utaniona? Nitazame, Seif. Nitapunga mikono yote miwili!

Wako wa ndoa,
Mkeo Mwaja

Kaisho,
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mke wangu Mwaja,

Nimekuitikia kwa furaha. Afya njema, alhamdulillahi, mikono tu imechubuka kwa vyuma. Msalimie mama, mwambie shikamoo.

Usiwasikilize wa dukani. Mwanga wetu unabeba picha, sauti na masomo ya wanafunzi, kutoka sanduku la huko hadi la huku, juu ya bonde, bila waya. Kahawa haiuoni. Masanduku haya lazima yatazamane sawasawa, moja likiyumba kidogo yanapoteana. Ndiyo maana nashinda nayakazia macho.

Hatari ni moja tu: kulitazama sanduku kwa darubini likiwa limewaka. Darubini inakusanya mwanga wote na kuumwaga machoni. Lakini yatawashwa baada ya wiki mbili, hivyo ondoa shaka. Jumapili saa kumi jioni simama karibu na sanduku. Nitakutafuta mpaka nikuone. Hata ukijificha!

Mumeo,
Seif

Songambele,
Jumapili, 12 Oktoba 2025, asubuhi

Seif,

Nisamehe salamu fupi. USISHIKE DARUBINI.

Methodius amekuja dukani kununua sukari sasa hivi. Anasema, "Bibi harusi, hongera, wakubwa walikuja jana, wameliwasha sanduku la huku walijaribu." Nikasema nimepita pale alfajiri, sikuona hata cheche. Akacheka: "Mwanga huu hauonekani, dada yangu. Ukiuona ujue si wenyewe."

Nampa barua hii Pastory wa bodaboda, lakini mvua imeharibu njia, anasema akifika mapema ni jioni. Jioni gani? Nimemwambia akimbie tu.

Mimi nimeamua: sitakwenda pale. Nitajifungia ndani. Usiponiona utashusha darubini na kurudi kambini, sivyo? Sema ndivyo, mpenzi. Nakaa sakafuni hapa, nasoma dua zote ninazozijua.

Mkeo,
Mwaja

Kaisho,
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mke wangu,

Hali yangu nzuri kidogo, na yako? Samahani kwa mwandiko. Mwenzangu Gaspari alitaka kuniandikia, nimekataa.

Pastory alifika giza limeingia, barua imelowa mvua, yanasomeka maneno ya juu tu: USISHIKE DARUBINI. Wakubwa walinitumia ujumbe kwenye simu hii isiyoshika, wakadhani nimeupata.

Saa kumi nilikuwa tayari. Nililiona sanduku, nikaona benchi la Methodius, wewe sikukuona. Nikasema huyu ananichezea, amejificha nyuma ya mgomba. Nikakaza macho. Niliendelea kutafuta mpaka Gaspari akaniita nile. Sikuona mwanga wowote, Mwaja, wala sikuumia. Niliposhusha darubini, Gaspari hakuwa na uso.

Pembeni naona. Katikati pana doa la kijivu, macho yote mawili. Neno nikilitazama linatoweka, nikitazama kando linarudi. Daktari wa macho anasema huenda litapungua, huenda lisipungue. Wananileta nyumbani Jumatano.

Usilie. Kwa nini hukuja?

Mumeo,
Seif

Songambele,
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Seif wangu, mume wangu,

Salamu zangu zote, na za mama. Tangu nimsomee barua yako ananisugulia mgongo tu.

Sikuja kwa sababu nilikuogopea. Leo asubuhi nilimwendea Methodius nikamweleza. Akasema polepole, "Dada, ungekuja ukalifunika sanduku. Hata kwa ushungi wako. Mwanga ungeishia hapo hapo." Ni mwendo mfupi kutoka dukani. Nilikuwa nimejifungia ndani, mpenzi, nikidhani nakuokoa, na wewe unazidi kunitafuta.

Naogopa Jumatano kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Naogopa utashuka garini uangalie mlangoni, na mahali pangu pawe pa kijivu.

Basi usinitazame usoni. Tazama mlango, au tazama mama, au ule mgomba. Mimi nitasimama pembeni, karibu kabisa, nisisogee. Ukiniona, niite jina. Kabla hujaniita sitafungua mdomo.

Mkeo,
Mwaja