Mama Keza na Ndizi Zake Stesheni

Mwakiro, Muyinga, Jumamosi usiku

Ndizi! Eti Mama Keza anauza ndizi stesheni, na treni hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Lakini kazi ya Aline wangu, jamani. Mwenye duka kule Gitega alinunua treni ya kuchezea ya kupamba dirisha la duka, akamwomba binti yangu aitengenezee nchi ya kupita. Milima ni maboksi na karatasi zilizolowekwa kwenye gundi, nyasi ni vumbi la mbao lililotiwa rangi, miti ni sponji. Watu wanasimama barabarani kutazama. Nilimwambia kila mmoja kwamba fundi nimemzaa mimi.

Kisha nikaona stesheni, na mwanamke wa urefu wa kidole, kitenge cha kijani, ndizi kichwani.

"Huyu nani?"

"Mama Keza," akasema Aline. Mwenye nyumba alikopanga!

"Na mimi niko wapi?"

Akacheka. "Mama, we ulikuwa Muyinga. Yeye ndiye aliyenipa kipande cha kitenge."

Mimi niliyepanda treni ya kweli Kigoma, nikiwa na mimba yake! Tulipopita kwake kumsalimu, chai ya Mama Keza sikuimaliza. Naogopa siku hizi Aline anamwita na yeye Mama.

Basi nimekata pindo la kitenge changu cha kanisani. Litaenda na basi la kesho. Aline anikalishe ndani ya treni. Mama Keza abaki stesheni na ndizi zake, anipungie mkono.