Nilimhoji Mama Mkwe Mpaka Akafungasha

Shangazi mshauri, nishike mkono kabla nyumba yangu haijabaki kuta. Mimi ni msimamizi katika kiwanda cha mikate, na majuzi niliitwa kwenye usaili wa umeneja wa bidhaa katika kampuni ya simu, yaani yule mtu anayeamua kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani na kwa nini, basi nikajifua kama bondia: kwanza jua mteja ni nani, tafuta maumivu yake, uliza “kwa nini” na tena “kwa nini” mpaka ufike kwenye mzizi, kazi sikuipata, lakini nikasema ujuzi hauozi, nikaupeleka kiwandani, nikawauliza wateja wa jioni wanataka nini, wakasema mikate midogo, tukaioka, ikagombaniwa, nami kichwa kikavimba.

Ndipo oveni ikaanza kutoa moshi, mwokaji mkuu akanijia mbio, “Bosi, nizime tuite fundi?” nami nikashika kalamu ya ubao nikamwambia, “Tusikimbilie suluhisho, kwanza mteja wetu hapa ni nani?” akafoka, “Mteja ni huo mkate unaoungua!” lakini nikaendelea kuchora mpaka tukatoka wote nje tunakohoa, na tangu hapo nikiingia chumba cha kukandia unga kila mtu anakumbuka ana kazi kwingine.

Hayo ningeyavumilia, ila mama mkwe alikuwa kwetu na goti limevimba, mke wangu akaniomba nimpeleke hospitali, nikakaa naye sebuleni nikaanza, “Mama, kwa nini unataka hospitali?” “Goti linaniuma, baba.” “Kwa nini linauma?” “Nilianguka.” “Kwa nini ulianguka?” “Niliteleza bafuni kwako.” “Kwa nini uliteleza?” Akanikazia macho, “Kwa sababu bomba linavuja na uliambiwa.” Shangazi, nilifurahi! Nikasema, “Hapo sasa mama, tumefika kwenye mzizi!” nikapiga makofi, kumbe mama anamwita binti yake wafungashe, na mke wangu akaniambia mlangoni, “Sababu umeipata. Kaa nayo.” Wamekwenda wote wawili. Nianzie wapi?

Msimamizi aliyebaki peke yake

*

Pole, baba, na nisamehe, nimecheka. Lakini barua yako ndefu yote haikusema popote kwamba bomba umelitengeneza. Weka gazeti chini uite fundi, kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Haya. Ulichojifunza si kibaya. Wateja wa jioni uliwauliza, ukanyamaza, ukaoka walichotaka. Hapo ulikuwa kazini kweli. Kwa mwokaji na kwa mama mkwe uliuliza ili usikike unauliza. Chumba cha usaili hakina moshi, baba. Hata ukizungumza mpaka koo likauke hakuna kinachoungua, na mwisho wanakushukuru kwa kuja. Ulifundishwa kutafuta maumivu ya watu. Yakaja yenyewe sebuleni yanachechemea, wewe ukayapigia makofi!

Mwokaji alikuuliza swali ambalo jibu lake ni neno moja: zima. Kamwombe radhi mbele ya wenzake, na ubao uuache ulipo. Siku nyingine zima kwanza. Fundi akishaondoka, kaeni mwulizane kwa nini, na umwache mwokaji ndiye aseme.

Mkeo usimpigie simu kumuuliza anataka nini. Alishasema: mamake apelekwe hospitali. Kesho tafuta gari, nenda mpaka mlangoni kwao. Watakuacha umesimama; simama. Mama mkwe akikuuliza umefuata nini, usieleze mpango wala usitaje mzizi. Sema, “Nimekuja kukupeleka, mama,” umpe bega aegemee mpaka garini. Atakusema njia nzima, na ana haki. Itikia.

Mkifika hospitali, goti litaulizwa maswali mengi. Mwachie daktari.