Kisima cha Kipriani

"Kisima gani, Kipriani, na mtaa mzima tunachota bombani?"

Shoga Shamsia, nimemwambia hivyo uani kwake, karani kasimama hapo. Naandika haraka, basi la Kasulu linapakia.

Karani kaja na daftari. Wanapita nyumba kwa nyumba hapa Kibondo kuandika nani kaumia mwaka huu na kaumiaje, ili serikali ijue cha kuzuia. Kamkuta Maximilla mkono umefungwa vijiti. Badala ya kumuuliza mwenye mkono, kamuuliza mumewe, Kipriani. Mumewe, Shamsia. Huyo huyo aliyeuvunja kwa mchi Jumapili, sote tukisikia.

Kajibu bila kupepesa: "Kaanguka kisimani."

Karani akaandika: kuanguka.

Nikasema muulize mwenyewe. Ananijibu kwa upole kabisa: "Mama, utaratibu ni kauli ya mkuu wa kaya."

Kipriani naye: "Firdausi, umbea umekwisha kwako?"

Nikamwambia umbea ninao, na wako ndio ulionona kuliko wote.

Ndipo Maximilla akasema, polepole, "Andika mchi." Kasema mara mbili, shoga. Karani akamtazama Kipriani kwanza, kisha akafunga daftari.

Kuanguka. Mwakani watatuletea semina ya kufunika visima, na yeye atavunjwa mkono wa pili.

Na unajua Kipriani kamwambiaje? "Karibu ndani, bwana karani, ugali uko tayari. Kausonga mke wangu, kwa mkono mmoja."

Karani alikuwa keshavua viatu.