Mkoba Katika Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Nimesimama tena langoni mwa chuo tangu alfajiri. Gari, mtu mmoja. Gari, mtu mmoja. Viti vitupu vinapanda mlima kwa fahari, na sisi tunaotembea tunaachiwa moshi. Nikapanda juu ya jiwe. Barabara ni ya umma! Hewa ni ya umma! Kwa nini mtu mmoja ajimilikishe vyote?

Wanafunzi wenzangu walishangilia. Kisha Kiprono wa uhandisi akapaza sauti: "Komredi Nekesa, punguza moto! Na gari la mzee wako kule Milimani hubeba nani? Mkoba?"

Kicheko kikubwa. Hasira ikanijibia: Jumatatu ijayo Baba akienda kazini peke yake garini, ninajiuzulu uenyekiti wa kampeni yetu ya kushiriki magari.

Nimeapa kwa niaba ya mtu ambaye sijamuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Nimemhutubia Baba mezani. Kosa. Nilimsemesha kana kwamba yeye ni umati. Aliningoja nimalize.

"Mimi ni mtoto wa fundi wa reli," akasema. "Kutoka Bondeni. Nilitembea mpaka soli zikaisha. Leo unataka majirani wanione nikiomba lifti?"

Akainuka. Ugali wake ukapoa.

Nina aibu. Kwangu gari lile ni moshi. Kwake ni ushahidi kwamba alifika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika barua ya kujiuzulu. Aya tatu. Kwa bahati mbaya, ni nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Chama cha Mama kimekutana kwetu. Kila mwezi akina mama hawa hupiga kura ya mzunguko: vikaratasi ndani ya sufuria, kila mmoja na zamu yake ya kupokea michango. Leo waume zao pia walialikwa. Nilidhani ni kwa ajili ya chai.

Mama akaileta sufuria ile ile. Vikaratasi vinne, nyumba nne. Wanaume wanne ambao kila asubuhi hutoka saa ile ile, kwenda mji ule ule, katika magari manne. Kila nyumba itaendesha wiki yake.

Bwana Harjit, jirani yetu muuza vipuri, akacheka. "Mama Nekesa, sasa sisi ni watu wa lifti?"

"Lifti huombwa," Mama akasema. "Hii ni zamu. Ni nani aliyewahi kuona haya kupokea zamu yake ya chama?"

Baba akatumbukiza mkono. Namba nne. Wa mwisho! Wiki tatu za kuwa abiria. Alikitazama kikaratasi kwa muda mrefu, kisha akakiweka katika mfuko wa shati. Kura ya chama haikataliwi.

Miezi yote hii nimetafuta mapinduzi vitabuni. Yalikuwa jikoni kwetu.

Jumatatu, 10 Machi

Kabla ya saa moja na nusu Baba alikuwa langoni kwetu. Viatu vinang'aa. Gari la Bwana Harjit likasimama. Kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Baba akaketi nyuma, kando ya jirani mwingine. Nilitazama kutoka dirishani.

Barua nimeichana. Kiprono amenipa mkono.

Jioni Baba amesema Bwana Harjit huimba akiendesha, tena vibaya. Najivunia wazazi wangu kuliko hotuba yoyote niliyotoa.

Gari letu limeshinda uani, paka amelala juu ya boneti. Mkoba, Baba amesema, aliupakata njia nzima.