Kilichofanywa kwa Kusahau

Iftin, Garissa
Februari 1996

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye joto ambalo hata mijusi wanalikimbia. Mgongo wako unaendeleaje? Na mbuzi, wamepata majani? Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Najua hukuitarajia barua hii. Tangu kiti chako kilipobaki kitupu siku ya harusi yangu, nilikuwa nimeapa kutokuandikia.

Mutwiri wangu, yule mwalimu uliyesema ananipeleka mwisho wa dunia, hajambo. Baba, huyu mtu! Kila asubuhi hunichotea maji kabla ya kwenda shule, huku akiimba vibaya kabisa, nami naona hakuna sauti tamu kama hiyo.

Mwezi huu mji wote unafunga Ramadhani. Jirani yetu Saynab, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, huniita abaayo, yaani dada. Nilimuuliza kama msichana wa kanisa kama mimi akifunga atafaidika na lolote, au atajitesa bure. Akacheka, akasema tumbo langu na lake yametengenezwa na fundi mmoja, nijaribu nione.

Nikajaribu. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma kwa kukosa chai, nikamnunia kila mtu, hata kuku. Lakini jioni, adhana ilipolia, nilikunywa maji nikahisi yakishuka mpaka vidoleni. Sikujua maji yana utamu. Mutwiri alinitania kwamba sasa nimeolewa na Saynab, lakini tangu hapo naye haonji chochote jioni mpaka mimi niweke tende mdomoni. Tunakula tukitazamana kama wajinga.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia Saynab kukaanga sambusa za futari. Mkono ukaenda wenyewe, nikatafuna moja nzima! Nilipozinduka nusura nilie. Saynab alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniambia niendelee kufunga, kwa kuwa anayekula kwa kusahau amelishwa na Mungu, na hahesabiwi kosa.

Kwa vile alikuwa mwema hivyo, nikamweleza habari zetu, wewe na mimi. Hapo hakucheka. Akaniambia kwamba kama namnunia baba yangu mwezi mzima, basi sifungi, nashinda na njaa tu, na njaa hata punda wa mkokoteni anaijua. Akauliza wewe ulijitetea vipi. Nikamwambia ulituma neno kwamba ulisahau tarehe.

Baba, nitakuambia kweli. Sikuamini hata kidogo. Wewe unakumbuka rangi ya kila mbuzi uliyemuuza mnadani! Nilijua hukutaka niletwe huku, nikalia kwenye gauni langu jeupe kabla Mutwiri hajanifuta machozi.

Lakini Saynab akasema mimi nimesamehewa sambusa nzima bila kuulizwa kama kweli nilisahau. Mbona mimi nikuulize wewe? Nimelifikiria hilo siku nyingi kuliko nilivyofikiria chakula. Basi nimekuhesabia hivyo: ulisahau. Na tangu nilipoamua, jioni hata maji yamezidi utamu.

Msalimie mama, umwambie sijabadili kanisa. Mutwiri anakusalimu kwa heshima, ingawa anakuogopa. Jumamosi ya kwanza baada ya Idi tutashuka kwenye basi hapo Mwingi, sisi wawili, na kibuyu cha maziwa ya ngamia kutoka kwa Saynab. Njoo utupokee stendi.

Jumamosi, Baba. Safari hii usisahau.

Mwanao akupendaye,
Syombua